Koti la Kaimu Mkurugenzi

Idara ya Mialo, Vibanda na Vibali ilikuwa na furaha kubwa kuutangazia umma wa Kisumu na vitongoji vyake kwamba, kuanzia robo ijayo ya mwaka, mwananchi hatalazimika tena kusafiri mpaka ofisini ili kuambiwa mkubwa hayuko. Ataambiwa akiwa hukohuko kwake, kwa simu, ndani ya sekunde moja.

Tangazo lilibandikwa mlangoni Jumatatu asubuhi, likiwa na mihuri mitatu, na kufikia saa nne baraza lilikuwa limejaa wasomaji, maana Kisumu hakuna karatasi inayobandikwa ikakosa watu wa kuijadili. Sahihi ilikuwa ya Bwana Zacchaeus Opondo, Kaimu Mkurugenzi. Mwenye macho angeona kwamba neno "Kaimu" limepigwa chapa kwa herufi ndogo kama mchwa. Hilo halikuwa kosa la mashine.

Zacchaeus alikuwa kaimu kwa miaka tisa. Watoto waliozaliwa alipoambiwa ashike nafasi hiyo kwa muda sasa walikuwa darasa la nne na wanajua kugawanya. Mke wake akienda harusini, mshereheshaji humwita mke wa Mkurugenzi, na kila mara mtu mmoja kwenye viti vya nyuma hukohoa. Kikohozi hicho Zacchaeus alikijua vizuri kuliko anavyojua sauti ya mamake. Alitaka kitu kimoja tu duniani: neno hilo dogo liondoke mlangoni pake kabla hajazeeka.

Na nafasi ikapatikana, miezi mingi kabla ya tangazo hilo. Kwenye semina ya Naivasha, Mwenyekiti wa Bodi, Bi. Magdalene, alisimama baada ya chai ya saa nne na kusema kwamba mkuu wa kwanza atakayeleta huduma moja ya mtandaoni, moja tu, rahisi, inayofanya kazi, atathibitishwa cheo siku ileile ya uzinduzi. Zacchaeus aliandika maneno hayo kwenye kitambaa cha mezani, akakikunja, akasafiri nacho.

Kesho yake alimwita Beldina, msichana wa kompyuta, ambaye Idara ilimwajiri ili abadilishe wino wa printa.

"Beldina, nataka huduma."

"Ya aina gani, mkubwa?"

"Rahisi."

"Inayofanya nini?"

Huko Zacchaeus alikuwa bado hajafika. Akaangalia dirishani. "Wananchi wakija hapo mlangoni, huwa wanauliza nini zaidi?"

"Wanauliza kama uko."

"Basi ijibu hilo."

Beldina akamweleza taratibu, kama mtu anayemwekea mgonjwa dawa kwenye uji. Ataandika programu ndogo kwa Java, ataiweka kwenye seva ile iliyokuwa imelaliwa na magazeti kule stoo, na kila afisa atapata anwani yake. Mtu akiigonga anwani hiyo kwenye simu, seva inamjibu: yuko, au hayuko. "Ni kama dirisha la kioski, mkubwa. Unafika, unasema unachotaka, unapewa, unaenda zako."

"Na itamkumbuka mtu aliyekuja jana?"

"Hapana. Hii haikumbuki mtu. Kila akija anaanza upya, na lazima aje na maelezo yake yote upya."

Zacchaeus akavua miwani. "Beldina, hiyo ni sisi kabisa. Tumefanya hivyo miaka yote bila hata stima. Itachukua muda gani?"

"Mchana mmoja."

Hapo Zacchaeus aliumia moyoni. Kitu cha mchana mmoja kingemthibitisha nani? Jioni hiyo aliunda Kamati ya Kitaalamu ya Huduma Rahisi, yenye wajumbe kumi na wanne na kamati ndogo ya vitafunio, nayo ikakaa miezi mitano.

Usicheke. Kamati ilifanya kazi. Mkutano wa kwanza ulijadili mambo manne ambayo, kwa mujibu wa Beldina, mtu anaweza kuiomba seva: kuuliza kitu, kuleta kitu, kubadilisha kitu na kufuta kitu. Kuuliza kulipita, kwa sharti kwamba muulizaji awe na adabu. Kuleta pia kulipita, kwani Idara haijawahi kukataa mtu kuleta kitu. Mwananchi ataweza kutuma ombi la kibali kwa simu badala ya kuja na bahasha. Kubadilisha kuliwasumbua.

"Ukibadilisha," mjumbe mmoja alisema, "si unakubali kwamba mwanzoni ulikosea?"

Kubadilisha nako kukaangushwa. Kisha wakafika kwenye kufuta.

"Nani atamfuta nani?" Zacchaeus aliuliza.

"Si mtu, mkubwa, ni rekodi. Kama kuna kitu kimeingia kimakosa, kinatolewa."

"Serikalini hakuna kitu kinachoingia kimakosa. Mimi napendekeza kufuta kusiwepo kabisa. Nani ananiunga mkono?" Mikono kumi na mitatu ilipanda juu. Beldina akaandika kwenye daftari: kuuliza, kuleta, basi.

Mkutano wa pili ulihusu majibu. Beldina alieleza kwamba seva za ulimwengu mzima hujibu kwa namba. Zinazoanza na mbili zina maana mambo ni sawa. Zinazoanza na nne zina maana aliyeuliza ndiye aliyekosea. Zinazoanza na tano zina maana kosa ni la seva yenyewe. Kamati ilizipokea za mbili. Za nne ilizipigia makofi, na mjumbe mmoja akaomba ziongezwe. Za tano zilifutiliwa mbali kwa kauli moja, kwamba hazilingani na utamaduni wa Idara.

Mkutano wa tatu Beldina alikuja na programu yenyewe, imechapishwa. Ilikuwa mistari thelathini na mmoja.

"Thelathini na mmoja?" Zacchaeus aligeuza karatasi kuona kama kuna mingine nyuma. "Barua ya kuomba likizo ina zaidi ya hii. Bi. Magdalene atasema tulikuwa tunakunywa chai tu. Dira iko wapi? Dhamira? Majina ya wajumbe?"

"Naweza kuongeza, mkubwa."

Akaongeza. Iko hivi: katika Java, mstari ukianza na mikwaju miwili, vile vijiti viwili vya kuinama, mashine inauruka, haiusomi kabisa. Beldina aliweka Dira, Dhamira, kauli mbiu, hotuba ya ufunguzi na majina ya wajumbe wote kumi na wanne pamoja na vyeo vyao, kila mstari na mikwaju yake miwili mbele. Programu ikafika mistari mia nne na sita. Kamati iliipitisha kwa fahari, na kila mjumbe akaomba nakala yenye jina lake aende kuwaonyesha nyumbani.

Lilibaki swali moja, na ndilo lililokula miezi miwili. Seva itajuaje kama afisa yuko?

Beldina alipendekeza kidole kwenye mashine asubuhi na jioni. Wajumbe walisema hiyo inaingilia faragha ya mwili. Akapendekeza simu ya afisa ionyeshe alipo. Wakasema hiyo ni hatari kwa ndoa. Mkutano ulikuwa unaelekea kuvunjika ndipo Mzee Joram, tarishi, aliyekuwa anagawa mandazi, akasema kitu bila kuulizwa.

"Mimi watu wakiniuliza kama mkubwa yuko, naangalianga koti."

Kila mtu aligeuka.

Sasa, joto la Kisumu unalijua. Hakuna binadamu anayevaa koti la sufu saa saba mchana ziwa likiwa linachemka hivi. Lakini kila mkubwa ana koti, na koti hukaa kwenye mgongo wa kiti, mabega yamenyooka, hata kama mwenyewe yuko kwingine. La Zacchaeus lilikuwa la kijivu, la vifungo vitatu, alilonunua wiki aliyoteuliwa kuwa kaimu. Lilikuwa halijaondoka kwenye kiti kile isipokuwa kupigwa brashi. Mwenyewe saa hizo huwa Nyamasaria, akisimamia fundi anayemjengea nyumba za kupangisha. Ukija, Mzee Joram anachungulia, anarudi na kusema: "Ametoka kidogo. Koti iko."

"Mzee Joram," Zacchaeus akasema polepole, "umesema jambo la kitaalamu."

Ikaandikwa kwenye kumbukumbu: *Afisa atahesabiwa yuko ofisini iwapo koti lake liko juu ya kiti chake.* Beldina akashona kitufe kidogo ndani ya bitana ya kila koti, aina ya vile vinavyolia mlangoni ukitoka dukani na nguo ambayo hujalipia, na chini ya kila kiti akaweka kisomeo cha kukitambua kitufe hicho.

"Na mkubwa," aliuliza huku anakata uzi kwa meno, "koti likiwa hapa na wewe uko Nyamasaria?"

"Nitakuwa niko hapa. Nimetoka kidogo."

"Sawa, mkubwa."

Kila kitu kingeishia hapo kama Zacchaeus hangetaka kumfurahisha Bi. Magdalene kupita kiasi. Alikumbuka kwamba kule Naivasha mama huyo alipenda sana mtoa mada mmoja aliyesema serikali inayonyamaza imekubali. Basi akaketi na kuandika, kwa mkono wake, Kifungu cha Saba cha Mkataba wa Huduma: *Ombi lolote ambalo afisa aliyepo ofisini hakulipinga ndani ya siku saba litahesabiwa limekubaliwa, na barua itatoka yenyewe ikiwa na sahihi yake.*

"Hii pia niiwekee mikwaju miwili?" Beldina aliuliza.

"Hapana. Hii ifanye kazi."

"Mkubwa umefikiria—"

"Beldina. Bi. Magdalene atataka kuiona ikifanya kazi. Halafu chukua hiyo trei yangu, upige picha kila karatasi, uiingize kwenye mfumo. Tusizindue kitu kitupu."

Trei hiyo ilikuwa na kibandiko kinachosema INASHUGHULIKIWA. Ilikuwa imejaa ikafurika, ikapata trei ya pili chini yake. Beldina alizipima kwa macho.

"Kuna nyingine hazijafunguliwa hata bahasha. Si ungesoma kwanza?"

"Nizisome zote? Mimi ni mtu mmoja. Fungua, piga picha, ingiza. Trei nzima."

Akaingiza trei nzima. Barua mia nne na kumi na mbili. Aliomba pia agizo hilo aandikiwe, na Zacchaeus, ambaye hupenda kuandika maagizo, akamwandikia.

Wakaanza majaribio ya wiki tisa. Nayo huduma ilifanya kazi, hilo hakuna mtu atakayelipinga. Ilijibu Jumatatu, ilijibu Jumapili, ilijibu siku ya Krismasi. Ilijibu jambo moja.

Siku moja Zacchaeus alirudi kutoka Nyamasaria na saruji kwenye viatu, akapitia mlango wa jikoni kama kawaida yake, akasikia sauti ya mwanamke huko mbele. Akajibana kwenye stoo, kando ya seva, akasikiliza.

"Mzee, usinichezee. Nimegonga simu nikiwa Kisian, ikaniambia yuko. Nimefika Kondele nikagonga tena, yuko. Nimeshuka hapo nje, yuko. Sasa naingia, unaniambia ametoka?"

Alikuwa Mama Dorca, anayekaanga samaki Kisian kando ya barabara ya Busia. Askari wa Idara walikuwa wamemwandikia kwa rangi nyekundu bandani: bila kibali, litabomolewa. Ombi lake la kibali lilikuwa kwenye trei tangu mvua za mwaka juzi.

"Ametoka kidogo, Mama. Koti iko."

"Mimi nimekuja kuona koti?"

"Simu imesema yuko?"

"Imesema."

"Basi yuko. Mimi ni nani nibishane na seva?"

"Yawa! Mara kumi na moja, Mzee. Mara kumi na moja nimepanda gari nikaja kusalimia hii koti. Hata mume wangu sijawahi kumtembelea hivi akiwa hospitali."

"Sasa si ni vizuri, mnajuana."

Watu kwenye benchi waliangua kicheko. Hata Dorca alicheka, kisha akaacha ghafla. "Mwambie koti," alisema, "wakibomoa banda yangu, nitakuja kukaangia hapa kwa meza yake."

Zacchaeus, stoo, alihesabu mpaka ishirini ndipo akapumua. Ukweli usemwe, alimwonea mama huyo huruma. Aliamua kwamba akishathibitishwa tu, kitu cha kwanza kabisa atakachofanya ni kuunda kamati ya kusoma trei.

Siku ya uzinduzi ikafika. Hema lilipigwa uani, viti vya plastiki mia mbili, soda, spika mbili kubwa na kwaya ya akina mama iliyoimba jina la Mkurugenzi bila lile neno dogo, kwa maombi maalumu. Watu walikuja kutoka Nyamasaria, kutoka Katito, kutoka Kisian, nusu kwa ajili ya vibali na nusu kwa ajili ya soda. Zacchaeus alivaa suti mpya ya buluu. Koti la kijivu alilipiga brashi mwenyewe na kuliacha kwenye kiti, kwani leo zaidi ya siku zote alipaswa kuwa ofisini.

Bi. Magdalene alifika akiwa na bahasha ya kaki kwenye mkoba. Zacchaeus aliiona pembe yake ikichungulia, akajua ni barua ya kumthibitisha.

"Ndugu zangu," alisema Bi. Magdalene kwenye kipaza sauti, "wengine huzindua ahadi. Sisi tunazindua kitu kinachofanya kazi. Natangaza mbele yenu na mbele ya waandishi wa habari: kuanzia leo, neno la mfumo huu ni neno la Idara. Mfumo ukisema, Bodi imesema." Makofi. Akatoa simu, na picha ya simu hiyo ikaonekana kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa mbele ya hema. Akagonga anwani ya Kaimu Mkurugenzi.

*Yuko ofisini*, seva ikajibu.

Zacchaeus, aliyekuwa amesimama kando yake, akainama kidogo kwa unyenyekevu.

"Lakini si uko hapa?" Bi. Magdalene alisema.

"Nimetoka kidogo, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Mama huyo akacheka pia, akagonga tena. "Na alitoka ofisini lini mara ya mwisho?" *Hajatoka*, seva ikajibu. *Siku sitini na tatu, saa ishirini na nne kila siku.*

"Hata Krismasi?" Bi. Magdalene akageukia umati. "Mnamwona mtumishi wa umma huyu?"

"Hatumwoni!" sauti ikajibu kutoka nyuma. Alikuwa Mama Dorca. Alisimama na kuinua karatasi juu. "Lakini tumesamehe, Mheshimiwa. Jana simu yangu imelia, nikapata barua. Kibali! Na sahihi yake hii hapa. Banda haibomolewi. Koti imenikubalia!"

Kelele zilizofuata zilikuwa za furaha. Mwingine akainua simu, mwingine akainua, ikaonekana nusu ya hema wana vibali. Beldina akasogea kwenye kipaza sauti akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa, kwamba Kifungu cha Saba kimewashwa wiki iliyopita, siku saba zimeisha jana, na kwa kuwa afisa alikuwepo ofisini muda wote na hakupinga kitu, maombi yote yaliyokuwa kwenye trei yamekubaliwa.

"Yote?" Bi. Magdalene aliuliza.

"Yote mia nne na kumi na mbili."

"Hii ndiyo serikali!" akasema Bi. Magdalene. "Hebu tuyaone." Akagonga. Orodha ikashuka kwenye kitambaa, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeshika kasi, ikashuka mpaka mwisho na kusimama kwenye ombi la mia nne na kumi na mbili, bahasha iliyokuwa chini kabisa ya trei ya chini. Ilikuwa ya miaka mitano iliyopita. Ilitoka kwa Bodi.

Bi. Magdalene alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti, na kipaza sauti kilikuwa mkononi.

"*Bodi inapendekeza kwamba kaimu yeyote aliyekaa zaidi ya miaka mitatu bila kuthibitishwa arudishwe kwenye cheo chake cha awali. Kwa upande wako, cheo hicho ni Msaidizi wa Stoo, kituo cha Katito. Kama una pingamizi, tuandikie.*" Chini yake, kwa rangi ya kijani, seva ilikuwa imeongeza: *Hakuna pingamizi. Limekubaliwa. Sahihi: Z. Opondo.*

Kwaya, iliyodhani ndiko kuthibitishwa kwenyewe, ikaanza tena kuimba jina lake.

Zacchaeus alimsogelea Beldina mpaka midomo ikagusa sikio. "Futa."

"Nini, mkubwa?"

"Hiyo. Ifute. Sasa hivi."

"Kufuta hakuko. Kamati ilikataa kwa kauli moja. Wewe ndiye uliyependekeza."

"Basi ibadilishe! Andika napinga!"

"Kubadilisha pia kuliangushwa." Alikuwa anamwonea huruma kweli, msichana yule; alimshika hata mkono. "Mfumo unajua kuuliza na kuleta tu, mkubwa. Na majibu yanayosema kosa ni letu tuliyaondoa."

Zacchaeus akamgeukia Bi. Magdalene. Mama huyo alikuwa anaangalia waandishi wa habari, waandishi wanamwangalia yeye, na maneno yake mwenyewe yalikuwa bado hayajapoa kwenye spika. Mfumo ukisema, Bodi imesema. Alifunga mkoba taratibu, ile pembe ya kaki ikazama ndani. Na kutoka nyuma kabisa, kwenye viti vya mwisho, mtu mmoja akakohoa.

Neno "Kaimu" liliondolewa mlangoni mchana huohuo. Mzee Joram alilibandua pamoja na yale mengine yote.

Bodi ilikutana mara mbili kujadili nani ajaze nafasi. Kila ilipokutana, Bi. Magdalene aligonga anwani, na seva ikajibu kwamba Mkurugenzi yuko ofisini. Angesemaje nafasi iko wazi, yeye aliyeuapia mfumo mbele ya kamera? Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba hakuna haraka. Bodi iliagiza jambo moja tu, kwamba Kifungu cha Saba kiwekewe mikwaju miwili. Na waraka ukatoka kwamba koti la kijivu sasa ni hati ya serikali. Lisiguswe isipokuwa kwa brashi.

Zacchaeus alijua habari za waraka huo mwezi uliofuata, alipotoka Katito kuja kulichukua. Kulikuwa na harusi ya mpwa wake, na ile suti ya buluu hakuweza tena kuitazama.

"Koti haitoki, ndugu yangu," Mzee Joram alimwambia mlangoni. Hakusema mkubwa. "Ikitoka, Mkurugenzi hayuko. Unataka Idara ikose Mkurugenzi?"

"Mzee Joram, ni koti langu. Unanijua miaka tisa!"

"Najua koti. Wewe nilikuwa nakuona mara moja moja." Akamwelekeza kwenye kibao chenye anwani ya huduma. "Tuma ombi kwa simu. Ni rahisi."

Akatuma. Sekunde moja, kama ilivyotangazwa. *Mkurugenzi yuko ofisini. Ombi lako linashughulikiwa.*

Benchi lilikuwa limejaa. Mama mmoja wa Nyamasaria, mgeni kwa mambo haya, akamsogezea kipande cha nafasi, naye akakaa na bahasha yake magotini kama wengine. Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu aliyaona mabega ya kijivu, yamenyooka, feni ikiyapepea.

"Samahani, Baba," mama yule akamwinamia. "Huyu mkubwa wa hapa unamjua? Ni mtu wa aina gani?"

Zacchaeus aliyatazama tena yale mabega.

"Ni mtu wa kazi," akasema. "Hajawahi kutoka."